Cheti cha Kichina Sebuleni kwa Fundi Chirau

Nyumbani kwa Fundi Chirau, pale Bondeni, kitu kikishatundikwa ukutani hakianguki. Watu wengine hupigilia msumari mmoja, wakafunga uzi, yaliyobaki wakamwachia Mungu. Chirau, ambaye kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kutia picha na aya katika fremu, hakuikubali njia hiyo. Yeye hutoboa ukuta, akashindilia kijiti cha mti, akakaza skrubu nne, moja kila pembe, kisha huishika fremu kwa mikono miwili na kuivuta kana kwamba agombana nayo.

"Nyumba itakwenda," husema, "fremu yangu itabaki."

Sebuleni kwake zilikuwako fremu tatu. Ya kwanza ilikuwa Ayatul Kursi. Ya pili ilikuwa picha ya arusi yake, Nyevu mkewe amenuna kwa sababu viatu vilimbana. Ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote, ya mti wa mvule alioupiga msasa kwa wiki nzima, na ndani yake mlikuwa na karatasi moja ya Kichina: mistari sita ya maandishi, picha ndogo ya binti yake, na muhuri mwekundu wa duara.

Binti huyo ni Mwanaesha. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mwenye miaka ishirini na saba, na chai yake ya asubuhi aliinywa akiupa mgongo ukuta ule.

Kwa maana karatasi ile haikuwa shahada. Baba yake aliamini ni shahada, na mtaa mzima uliamini hivyo. Lakini mstari wa tano ulisema wazi, kwa anayejua kusoma, kwamba mwanafunzi huyu alisoma lugha, utamaduni na historia ya Uchina kwa miaka mitano, na hakuhitimu. Na katika Bondeni yote, na Makadara, na Mji wa Kale mpaka maji yanapoanza, anayejua kusoma alikuwa mmoja tu. Ni yeye mwenyewe.

Sasa, tukitaka kumjua Mwanaesha tuanze na woga wake, maana walizaliwa pamoja. Alipokuwa na miaka minane, siku ya maulidi ya chuoni, mwalimu alimsimamisha asome kasida peke yake. Sauti alikuwa nayo, na kasida aliijua mbele na nyuma. Akainua macho akaona wanawake wamekaa safu, wote wanamtazama yeye. Ulimi ukamganda. Walipokuja kumtafuta walimkuta nyuma ya msikiti, amejibanza kwenye chumba linamowekwa jeneza. Watoto wenzake hawakuthubutu hata kupita mlango wa chumba kile. Mwanaesha hakuliogopa jeneza. Alichoogopa ni watu waliokaa safu wakamtazama.

Kwenye daftari, hata hivyo, alikuwa simba. Alipomaliza kidato cha nne, mwalimu wake alileta tangazo la ufadhili wa kwenda kusoma Uchina. Wenzake waliuliza habari za baridi na chakula. Mwanaesha aliuliza jambo moja: "Kuna mahojiano?" Akaambiwa hakuna, ni insha tu. Akaandika insha. Mwaka wa tisini na moja alikuwa Beijing, amevaa makoti mawili.

Na huko, jamani, alifurahi. Aliyapenda maandishi yale kuliko watu walivyodhani inawezekana. Kila alama ina mpangilio wake, mstari huu wa kalamu kwanza, huu baadaye, nawe unaweza kukaa na karatasi saa nne bila mtu kukutaka useme. Alisoma vitabu vya kale. Tasnifu yake ilihusu pwani yetu, jinsi Wachina wa kale walivyoandika habari za miji yetu na yule twiga aliyesafirishwa kutoka Malindi kupelekwa kwa mfalme wa Uchina. Walimu walimsifu.

Kisha ikaja siku ya kuitetea. Alifungua mlango akakuta meza ndefu, na nyuma yake walimu watano wamekaa safu, kila mmoja na kikombe cha chai chenye kifuniko. Katikati alikaa mwalimu wa kike mwenye miwani. "Tafadhali, anza," akasema. Mwanaesha akafungua kinywa. Mmoja wao akarudisha kifuniko kwenye kikombe, kikalia *ting*. Mwanaesha akasimama pale, hakujua ni dakika moja au kumi. Kisha akainama kwa adabu, akatoka, akashuka ngazi, akatembea mpaka miguu ikakataa.

Wakampa cheti cha kumaliza muda bila kuhitimu. Wakamwambia ana miaka miwili. Akirudi akaitetea tasnifu kabla ya Julai ya mwaka wa tisini na nane, karatasi hii itabadilishwa, atapewa shahada kamili.

Katika ndege alipanga maneno yote. *Baba, kuna jambo.* Lakini pale uwanja wa ndege, baba yake alimpokonya lile jalada jekundu lenye cheti kabla hajamaliza kumpa mkono, akalifungua, akaubusu ule muhuri mbele ya watu. Machozi yakamtoka mzee wa watu. Sasa utasemaje hapo? Mwanaesha akasema atasema kesho. Kesho ikapata sababu yake, na kesho kutwa yake, na wiki ya pili fremu ilikuwa imeshakazwa skrubu nne.

Hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza tu, na yale maneno mengine watu waliyasema wenyewe.

Aliyekuwa hatosheki ni Noormohamed, mwenye duka la leso Biashara Street, rafiki wa Chirau wa tangu ujana. Kila akija kunywa kahawa hutazama ukutani akatikisa kichwa.

"Fundi, na wewe una hakika gani? Hata sabuni dukani kwangu imeandikwa hivyo hivyo."

"Ya kwako ina muhuri mwekundu?"

"Ina panda wawili."

"Basi itie fremu, ukaisomee sabuni yako shahada!"

Wakicheka, Mwanaesha akiwa jikoni hushika ukingo wa meza mpaka kicheko kiishe. Kwa miezi ishirini aliishi hivyo, akifundisha watoto tuisheni ya historia nyumbani, mmoja mmoja, wala hakukubali darasa.

Machi ya tisini na nane, joto la kaskazi likiwa halisemeki, Chirau alirudi kutoka kibanda chake cha Makadara akiita tangu mlangoni.

"Esha! We Esha! Huyo Mchina wako yuwala wali?"

Mchina huyo alikuwa Profesa Shao, mzee aliyekuja kuchunguza mabakuli ya kale ya Kichina yaliyomo katika nyumba za Mji wa Kale. Kiingereza hakukijua, na watu wa makumbusho walikuwa wamemwomba Mwanaesha awe mkalimani wake. Mtu mmoja na bakuli lake, hilo Mwanaesha aliliweza. Siku sita walikuwa wamezunguka pamoja, na yule mzee hakuacha kumsifu matamshi yake.

"Yuwala, baba," akajibu. Alikuwa amekaa na sinia la mchele, anauchambua. "Kwani vipi?"

"Jumapili yuwaja kwetu. Nimeshaonana na Lennox wa makumbusho, atamleta. Na Noormohamed nimemwalika, na Gunga wa kahawa naye, awe shahidi." Chirau akavua kofia akaielekeza kwenye fremu ya tatu. "Akishakula, atatusomea. Miaka miwili naitazama karatasi ile kama kipofu. Jumapili nitaijua!"

Akaingia ndani kuoga, anaimba.

Nyevu akainua macho kutoka kwenye nazi aliyokuwa akiikuna. Akatazama sinia la mwanawe.

"Esha, watutilia mawe?"

Mwanaesha akatazama chini. Vijiwe alikuwa akivirudisha kwenye mchele, na punje nzuri akizitupa.

Tangu hapo hofu ilikaa naye mwili mmoja. Ilimwamsha alfajiri kabla ya adhana. Aliona mambo kwa mpango wake: baba anatabasamu, mzee anasoma, tabasamu linabaki usoni kwa sababu halijajua pa kwenda. Kila alipofika kwenye tabasamu hilo alisimama, akatafuta maji anywe.

Alhamisi, baada ya alasiri, baba yuko kibandani na mama ametoka kwenda kutazama mgonjwa mtaa wa pili, Mwanaesha alipanda stuli na bisibisi mkononi. Mpango wake ulikuwa kuiteremsha fremu, kuiangusha kioo kivunjike, maji yamwagike juu yake kwa bahati mbaya, basi. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili na ya tatu zikatoka. Ya nne ilikuwa haina pa kuishika. Baba yake alikuwa ameisaga kichwa kwa tupa ikawa laini kama shanga, mwizi asiweze. Bisibisi ikateleza ikamchana kidole. Akajaribu tena, jasho linamwingia machoni, fremu imening'inia kwa pembe moja.

"Wafanya nini huko juu?"

Mama yake alikuwa mlangoni, buibui bado kichwani.

"Nafuta vumbi, mama."

"Kwa bisibisi?"

Nyevu hakungoja jibu. Alikuja akaishika stuli kwa mikono yote miwili, maana ilikuwa ikitikisika.

"Rudisha skrubu za watu," akasema polepole. "Kisha ushuke. Una damu."

Zaidi ya hapo hakuuliza, na hilo nalo lilimtia Mwanaesha hofu yake.

Ilibaki njia moja: amwombe Profesa Shao. Amwambie kwa Kichina, faraghani, asome uongo. Ijumaa asubuhi walikuwa Mji wa Kale nyumbani kwa Bi Mwanakuu, bibi wa miaka themanini, aliyekuwa na bakuli la buluu na jeupe alilolifunga kwa leso tatu. Kwao waliambiwa lina miaka mia nne. Mzee Shao alilipindua, akatoa mfukoni kioo chake cha kukuzia, akaitazama alama iliyo chini kwa muda mrefu.

"Mwambie bibi," akasema, "bakuli hili ni la karne iliyopita. Alama ya chini imeigwa ili lionekane la kale. Pole."

Mwanaesha alifasiri kwa sauti ya chini, akiogopa kumtazama yule bibi.

Bi Mwanakuu akalitazama bakuli lake. "La karne iliyopita?" akasema. "Basi. Mamangu alinywea uji humu, nami nikanywea." Akaanza kulifunga tena, leso ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa uangalifu ule ule.

Walipotoka nje, kwenye kivuli cha ukuta, Mwanaesha akasema, "Mwalimu."

"Naam?"

Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Lakini ili amwombe, ilibidi kwanza aliseme lenyewe: *sikuhitimu.* Tangu kuzaliwa kwa neno hilo hakuwahi kulitamka kwa lugha yoyote, hata akiwa peke yake.

"Jua kali," akasema.

"Kali sana," mzee akakubali, wakaendelea na safari.

Jumapili ikafika. Nyevu alipika biriani ya kuku na kachumbari, na achari ya ndimu na pilipili pembeni. Desturi ya nyumba ile wanaume hula sebuleni na wanawake ndani, lakini Chirau alimwita binti yake akae nao. "Leo wewe ndiwe ulimi wa mgeni. Ulimi haukai jikoni." Wakakaa kwenye jamvi: Chirau mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, Noormohamed, Gunga na dele lake la kahawa, Lennox, na mzee Shao. Mwanaesha aliwahesabu bila kutaka. Watano. Wamekaa safu, migongo ukutani, wanamwelekea yeye na fremu.

"Mwambie mgeni," Noormohamed akasema, "kama kula kwa mkono kunamshinda, tutamtafutia vijiti vya mishikaki."

Mwanaesha akafasiri. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akatia mkono kwenye sinia na kula kama mwenyeji. Wote walifurahi. Mwanaesha alikula tonge moja tu.

Baada ya kunawa, Chirau aliingia chumbani akatoka na kitu kilichofunikwa kwa kitambaa. Akakifunua. Ilikuwa fremu nyingine, ndogo, ya mvule ule ule, imeshapakwa vanishi, kioo kimeshakatwa. Ndani haina kitu. Mkono wa pili alikuwa na karatasi nyeupe na penseli.

"Bwana Noormohamed, leo utanyamaza," akasema. "Mgeni atasoma, Esha atafasiri, na mimi nitaandika kwa mkono wangu, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Kisha naitundika chini ya ile. Kila atakayeingia nyumba hii atasoma mwenyewe."

Akavuta miwani yake ya kukatia vioo, akakaa, akaiweka karatasi juu ya goti.

Mzee Shao alisimama mbele ya fremu kubwa, akatoa kile kioo chake cha kukuzia. Akasoma kimya, mstari wa kwanza, wa pili. Jicho lake likashuka. Kwenye mstari wa tano likasimama. Dele la Gunga likatokota juu ya makaa.

Mzee akageuka akamtazama Mwanaesha, akasema kwa Kichina, kwa sauti ya upole: "Mwanangu. Baba yako anajua kilichoandikwa hapa?"

"Hajui," Mwanaesha akajibu.

"Yuwasema nini?" Chirau akauliza, penseli tayari.

"Nisome?" mzee akauliza. "Humu ndani hakuna anayenielewa ila wewe. Mimi nitasoma kilichopo, siwezi kusoma kingine. Utakachowaambia ni chako."

"Yuwasema nini, Esha? Mbona huzungumzi?"

Hebu fikiri alipokuwa. Mlango wa kutokea uko wazi kabisa. Mzee atasoma, na yeye atasema kwa Kiswahili lolote analotaka, shahada, heshima, pongezi, na hakuna duniani atakayejua. Akatazama mlango wa nje, akatazama fremu ile ndogo iliyolala jamvini na kioo chake safi. Mpaka leo alikuwa amenyamaza. Leo angelazimika kusema, na uongo wake baba yake angeuandika kwa mwandiko wake mwenyewe, taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo kama afanyavyo akikata kioo, kisha angeutia ndani, akaukaza skrubu nne, na ya nne akaisaga kichwa.

"Soma, mwalimu," akasema kwa Kichina. "Yote."

Mzee akasoma, na yeye akafasiri, macho yake yakiwa kwenye ncha ya penseli.

"Mwanafunzi Mwanaesha Chirau, mwanamke, raia wa Kenya, aliyezaliwa mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na moja."

Penseli ikaandika.

"Alisoma katika chuo hiki lugha, utamaduni na historia ya Uchina, tangu Septemba ya tisini na moja mpaka Julai ya tisini na sita."

"Sikia hiyo," Chirau akamwambia Noormohamed bila kuinua kichwa.

"Alifaulu masomo yote ya darasani."

"Yote! Umesikia, mwenye sabuni?"

Sauti ya Mwanaesha ilikuwa imebaki uzi. "Hakuitetea tasnifu yake. Hakuhitimu. Anapewa cheti hiki kuthibitisha kwamba alimaliza muda wa masomo. Hii si shahada."

Penseli ikasimama.

"Rudia," Chirau akasema.

"Hakuhitimu."

"Nani?"

"Mimi, baba."

Mwanaesha alingoja lile tabasamu alilolijua, lile lisilo na pa kwenda, na kweli likaja, likakaa usoni mwa baba yake kidogo, kisha likatoka. Chirau akaishika vizuri penseli. Akaandika polepole, akitamka kila silabi kwa midomo: ha-ku-hi-ti-mu. Akamaliza na sentensi ya mwisho pia.

"Na tarehe," akasema. "Tarehe ni ngapi?"

Mwanaesha akamwambia tarehe. Akaiandika, akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa kanzu.

"Gunga," akasema, "mimina kahawa. Mgeni amekauka."

Noormohamed, ambaye kwa miezi ishirini alikuwa na maneno, alitazama vidole vya miguu yake. "Masomo yote ya darasani," akanong'ona mwishowe. "Mimi darasa la nne lilinishinda, wallahi."

Mzee Shao aliuliza jambo moja tu kabla ya kuondoka: ile miaka miwili ya kurudi kuitetea tasnifu, ambayo vyuo vya kwao hutoa, imekwisha? Mwanaesha akasema imebaki miezi minne. "Basi mwambie baba yako na hilo," mzee akasema. "Na mwambie nitakiandikia chuo barua." Akamwambia. Chirau akajibu, "Nimesikia," akamsindikiza mgeni mpaka barabarani kwa adabu zote.

Kwa siku tatu Chirau hakuzungumza na binti yake. Hakumkemea. Salamu aliitikia. Lakini alikula akatoka, akarudi akalala. Mwanaesha alizunguka nyumba ile kama mtu anayetembea juu ya vigae vya chupa. Aliogopa mlango ukifunguliwa, aliogopa usipofunguliwa. Usiku mama yake alimwambia mara moja tu, kitandani kwake, akimfunika shuka: "Nilijua kuna kitu. Sikujua ni nini. Ningalijua ningaliinyofoa mimi hiyo skrubu." Wakalia wote wawili, na Mwanaesha akamweleza yaliyompata siku ile.

Siku ya nne Chirau aliingia na keke ya kutobolea, skrubu, na ile fremu ndogo. Akaitundika chini ya ile kubwa. Ndani yake ilikuwa karatasi yake, yenye mikunjo miwili, mwandiko wa penseli, kila neno mahali pake, *hakuhitimu* limekaa katikati limekazwa mpaka karatasi imeacha alama. Akaivuta kwa mikono miwili. Haikutikisika.

"Watu watauliza, baba," Mwanaesha akasema kutoka mlango wa jikoni. Ndiyo maneno yake ya kwanza, ukiondoa salamu.

"Waulize. Tangu lini fundi akatia kitu kwenye kioo ili kisionekane?" Akafuta kioo kwa mkono wa shati. Kisha, bado amempa mgongo: "Walikuwa wangapi?"

"Nani?"

"Hao waliokukimbiza. Mamako ameniambia."

"Watano, baba."

"Wamekaaje?"

"Safu moja. Nyuma ya meza. Wana vikombe vya chai, vyenye vifuniko. Wa katikati ni mwanamke, ana miwani."

Chirau akaitikia kwa kichwa, kama anayepokea vipimo vya kazi, akatoka.

Mwezi wa Aprili faksi iliingia makumbusho, Lennox akaileta mbio: chuo kimekubali, aje Juni. Tiketi Noormohamed alisema ni juu yake, na aliyetaka kubishana akambishie dukani. Mwanaesha aliisoma faksi mara tatu, kisha akaenda uani akaisoma ya nne.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, aliitwa sebuleni. Jamvi lilikuwa limeondolewa. Palikuwa na meza ndefu, ile ya kukatia vioo, imeletwa kutoka Makadara kwa mkokoteni. Nyuma yake, safu moja, wamekaa Chirau, Noormohamed, Lennox na Gunga, wote wamevaa nyuso za mahakama. Mbele ya kila mmoja palikuwa na bakuli la sukari la Nyevu, lenye kifuniko, na ndani yake chai. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu.

"Baba, nini hii?"

"Ulishindwa mbele ya watano," Chirau akasema. "Basi watano ndio hawa. Kila Jumapili mpaka uondoke."

"Hamjui Kichina!"

"Na wale wakijuao walielewa nini, nawe hukusema neno?"

Noormohamed akainua kidole. "Mimi nitauliza maswali magumu."

"Wewe utanyamaza," akasema Nyevu. Alikuwa ametoka jikoni anafuta mikono kwa leso. Akapita nyuma yao, akakaa kiti cha katikati, akamvua mumewe miwani akaivaa yeye. Ilimkuza macho yakawa kama ya bundi. Akamtazama mwanawe, hacheki.

"Haya binti. Anza. Nina mchuzi jikoni."

Mwanaesha aliwahesabu tena. Watano, safu moja, wanamtazama. Ulimi ukaanza kule kuganda anakokujua. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi. Aliona kipande cha jua, mtu akipita na baiskeli, hatua nne tu. Gunga, kwa kusahau, akarudisha kifuniko kwenye bakuli lake.

*Ting.*

Mwanaesha akafumba macho. Alipoyafumbua walikuwa bado wapo, na nyuma ya vichwa vyao ule ukuta, fremu kubwa na fremu ndogo. Akafungua kinywa. Kilitoka kitu kama mkwaruzo, kisha sentensi moja ya Kichina, nyembamba, inatetemeka mwanzo mpaka mwisho: walimu waheshimiwa, nitazungumza habari za pwani ninakotoka.

"Sijaelewa," akasema Noormohamed.

"Hukuulizwa," akasema Nyevu, hajaondoa macho kwa mwanawe. "Endelea, mama."

Akatazama tena ule mlango. Akameza mate, akasema sentensi ya pili.